Kufungwa kwa Msimu wa Raga Jiwe Refu

Hotuba kamili ya Ndugu Alexander Chenge, Kaimu Mratibu wa Mradi Unganishi wa Raga kwa Vijana wa Kanda ya Ziwa, kwa kifupi MURAVIKAZI, aliyoitoa Ijumaa mchana katika uwanja wa Shule ya Msingi Jiwe Refu, Pasiansi, jijini Mwanza. Imenukuliwa na katibu wake, Pius, aliyeagizwa aandike kila kitu bila kuacha neno.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Bi Evelina, Mtathmini Mwandamizi wa Miradi ya Michezo, uliyetoka Dodoma leo asubuhi na ambaye, kama ulivyotukumbusha mara tatu, lazima uwahi kivuko cha saa kumi cha kwenda Kamanga ukakague mradi mwingine Sengerema. Mheshimiwa mwakilishi wa mheshimiwa diwani. Mwalimu Mkuu, mwenyeji wetu. Mwalimu wa zamu wa wiki hii na wa wiki iliyopita. Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa mliopo, mliotuma udhuru na mlioko njiani. Mzee Machibya, kiongozi wa ngoma anayejulikana kuanzia hapa mpaka Misungwi. Mama Kashindye, mlezi wa kwaya ya watoto. Bwana Chandrakant, mfanyabiashara wa siku nyingi na mpenzi wa michezo. Mama Gladness, jirani wa shule, mwenye shamba la mipapai lililopakana na uwanja huu. Kamati ya maandalizi, pamoja na kamati ya kuisimamia kamati ya maandalizi. Kamati ya chakula, ambayo naiona ikitoa moshi kule nyuma. Wazazi, walezi na wananchi wote wa Pasiansi. Na ninyi wenyewe tuliowakusanyikia, wanaraga wetu wadogo, timu ya chini ya miaka kumi na timu ya chini ya miaka kumi na mitatu, mliokaa hapo kwenye nyasi mmevaa nyeupe mpaka macho yanauma, nawasalimu kwa Kisukuma: mwadila!

(Wananchi: Mwadila!)

Sikusikia vizuri. Mwadila!

(Wananchi: Mwadila! Mzee mmoja: Umesikia, endelea.)

Ahsanteni. Wasemaji wengine wakifika hapa husema itifaki imezingatiwa, wakaruka majina ya watu. Mimi sijawahi kumruka mtu. Katika miaka sita niliyokaimu nafasi hii na nyingine nimesimama kwenye majukwaa thelathini na nne, kuanzia ufunguzi wa warsha hadi ufungaji wa warsha iliyofuata, na nasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba hotuba zangu zimekuwa zikisifiwa kwa urefu wake na kina chake, hasa urefu.

(Makofi machache. Mgeni rasmi atazama saa yake. Ni saa nane na dakika arobaini.)

Nianze na jambo la kiutaratibu, kwa sababu sisi ni watu wa utaratibu. Mbele ya mgeni rasmi, pale mezani, chini ya chupa ya maji ili isipeperushwe na upepo wa ziwa, ipo fomu ya kijani, nayo ni Hati ya Kukamilika kwa Msimu. Fomu hiyo ikisainiwa leo, MURAVIKAZI inatoka ngazi ya majaribio na kuwa programu ya kudumu, na mimi ninayesimama mbele yenu naacha kuitwa Kaimu, nakuwa Mratibu kamili, mwenye mlango wake na jina lake juu ya mlango. Isiposainiwa, ofisi inafungwa Jumatatu na mimi narudi nilikotoka, yaani masijala, chumba cha chini ya ngazi, kile kinachopakana na choo. Sisemi hivyo ili mtu yeyote anionee huruma. Nasema ili takwimu ziwe kamili.

Mgeni rasmi ametueleza, nami nanukuu, kwamba atasaini akishaona watoto wanacheza, hata dakika kumi tu. Ni ombi zuri sana. Ofisi yangu imelipokea kwa mikono miwili na kuliingiza kwenye ratiba kama kipengele cha kumi na tisa, mara tu baada ya hotuba hii, ambayo ni kipengele cha nne lakini imemeza cha tano mpaka cha kumi na nane.

(Kicheko upande wa akina mama. Mgeni rasmi hacheki.)

Ndugu wananchi, raga ni nini? Wapo wanaodhani ni mpira wa miguu uliokosa adabu. Hapana. Raga ni mchezo wa mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi, na mchezaji hukimbia nao mpaka nyuma ya mstari wa wapinzani akaugusisha chini. Kuna mahali watoto wanakumbatiana mabega wakasukumana, hiyo wataalamu wanaiita skramu. Na kuna kanuni moja iliyonigusa moyo mimi binafsi: mwenye mpira haruhusiwi kumrushia mwenzake aliye mbele, anatakiwa amrushie aliye nyuma yake, na bado timu nzima inahesabika kuwa inasonga mbele. Niliposoma hapo kwenye andiko la mradi, niliweka kalamu chini nikamwambia katibu wangu, Pius, huu mchezo tumekuwa tukiucheza ofisini miaka yote bila kujua.

(Katibu athibitisha kwamba hayo yalisemwa.)

Tulianza, kama ilivyo kwa kila jambo kubwa, na framework. Baada ya framework tukatengeneza roadmap. Baada ya roadmap ikaonekana kwamba wadau hawajaelewa framework, tukafanya semina elekezi ya siku tatu pale Usagara, ambako wadau hamsini na wawili walijengewa uwezo wa kuwajengea wengine uwezo. Nami nilitoa mada kuu. Nilizungumza kwa saa tatu na nusu, na mshiriki mmoja kutoka Magu, mtu mzima kabisa, alinifuata baadaye akasema hajawahi kusikia kitu kama kile na hategemei kusikia tena.

Sasa tuangalie nyuma kwenye msimu wenyewe, maana hilo ndilo lililotuleta. Malengo ya msimu yamefikiwa kwa asilimia mia moja na nne. Hizo nne za ziada tumeziweka akiba kwa msimu ujao. Ushiriki wa watoto wa kike ni asilimia hamsini na tano. Kadi nyekundu zilizotolewa msimu mzima, sifuri. Malalamiko dhidi ya mwamuzi, sifuri. Watoto walioumia katika msimu mzima, na hapa naomba mgeni rasmi aandike, ni sifuri. Hata mkwaruzo haukutokea! Watu waliocheza raga tangu enzi za mababu zao wanavunjika meno kila wiki, na sisi, waanzilishi, hatukumwaga hata tone la dayolini ya kusafishia kidonda.

(Makofi. Sauti ya mama mmoja: Si ungesema tu ukweli? Sauti nyingine: Mwache, anafika.)

Nafika, mama yangu, nafika. Tuje kwenye matokeo. Timu yetu ya chini ya miaka kumi iliwakabili wenzao wa Usagara na kuibuka na ushindi wa mia nne na kumi na mbili kwa tisini na sita. Timu hiyohiyo ikawafunga wa Kisesa mia mbili na thelathini kwa mia moja na themanini na moja, mechi iliyokuwa ngumu kwa sababu kulikuwa na mnada wa ng'ombe jirani...

(Mgeni rasmi ampa katibu kikaratasi. Katibu ampelekea msemaji.)

Nimeletewa kikaratasi na mgeni rasmi. Nakisoma kama kilivyo, kwa sababu ofisi yangu ni ya uwazi. "Mia nne na kumi na mbili? Raga?" Nashukuru kwa swali hilo zuri. Takwimu hizi ziliandaliwa na mtaalamu wetu wa takwimu, Mzee Machibya, na...

(Mzee Machibya asimama bila kuitwa.)

(Mzee Machibya: Mama, shida iko wapi? Mimi mwenyewe nilihesabu. Watu mia nne na kumi na mbili walikuwa upande wetu. Kwao Usagara walibaki tisini na sita, tena humo nimehesabu na watoto wachanga waliobebwa mgongoni. Wale walitegemea nyoka wao. Sasa nyoka siku hiyo alikuwa ameshiba, akalala. Watu wote wakahamia kwetu. Ningefanyaje?)

(Kicheko kirefu.)

Ahsante mzee wangu, kaa tafadhali. Mgeni rasmi, nitoe ufafanuzi wa kitaalamu. Kwa kanuni za huku kwetu, ambazo ni za zamani kuliko ofisi yangu na yako, wanapokutana washindani wawili kila mmoja anafanya vitu vyake upande wake, kwa wakati mmoja, na watu wanakwenda kule kunakonoga. Mwisho wa siku vichwa vinahesabiwa. Aliyejaza watu ndiye mshindi na hakuna cha kubishana. Ofisi yangu ilikaa, ikatafakari, ikaona haina sababu ya kuagiza pointi kutoka nje wakati tuna mfumo wetu unaofanya kazi. Hiyo ndiyo sustainability. Kuhusu nyoka, ni mbinu ya ulinzi ya Usagara.

(Kikaratasi kingine kutoka kwa mgeni rasmi.)

Nasoma. "Kila timu upande wake? Kwa hiyo hazikutani?" Zinakutana, mgeni rasmi. Zinakutana kwenye chakula.

(Kicheko. Ni saa tisa na dakika tano.)

Naona mgeni rasmi ameandika tena. "Kocha ni nani?" Swali zuri kupita yote. Kocha mkuu wa timu zote mbili ni Pius, ambaye pia ni katibu wangu, pia ni mtunza vifaa, na ambaye ana simu yenye uwezo mkubwa wa kuangalia video za raga za nchi za mbali. Pius, simama wakuone.

(Katibu asimama, apunga mkono, akaa, aendelea kuandika.)

Kijana mchapakazi. Wengi hawajui kwamba nilimgundua mimi. Na mengi mazuri mnayoyaona hapa niliyagundua mimi, ingawa sipendi kulisema jukwaani na ndiyo maana nalisema kwa kifupi.

Kwa kuwa bado tuna muda mfupi kabla ya kivuko, na kwa kuwa mgeni rasmi ameandika sasa hivi kwamba kama mchezo unachelewa basi angalau amsikie nahodha akisimulia msimu wake, na kwa kuwa ombi hilo halikuwemo kwenye ratiba, ofisi yangu ilitaka kulipeleka kwenye kamati. Lakini naona nahodha wa timu ya chini ya miaka kumi na mitatu tayari amesimama. Haya, Queen, mwanangu, njoo. Sema kidogo. Sema kama tulivyoelewana.

(Queen, umri wa miaka kumi na miwili, aja mbele. Suruali yake nyeupe imekunjwa mara nne chini.)

(Queen: Shikamooni.)

(Wananchi: Marahaba.)

(Queen: Kwa majina naitwa Queen. Niko darasa la sita. Mimi ni sauti ya kwanza.)

Anamaanisha, mgeni rasmi, kwamba kwenye skramu yeye ndiye anayetoa amri ya kwanza. Endelea mwanangu.

(Queen: Msimu wetu ulikuwa mzuri wenye mafanikio mengi na changamoto chache. Hapo nimemaliza ya kukariri. Sasa naomba niseme la kwangu. Mimi nimeipenda raga. Kwenye mpira wa miguu wavulana hawanipi pasi, wananiambia niokote mipira ikitoka. Kwenye raga wakinipa nakimbia nayo mwenyewe. Jana nilimkwepa Rebeka mara tatu, na Rebeka ana mbio kuliko wote. Halafu mtu akikushika unatakiwa uiachie, usiing'ang'anie, hata kama unaitaka. Hilo ndilo gumu. Ahsanteni.)

(Makofi makubwa kuliko yote ya leo. Mgeni rasmi apiga makofi na yeye.)

Ahsante sana Queen. Kaa. Mmesikia wenyewe. Mtoto ameongea vizuri mno, na mimi, nikiwa mtu mzima mwenye majukumu, nimejikuta natafuta leso, lakini ni vumbi.

Ndugu zangu, naona ni saa tisa na nusu imepita na dereva wa mgeni rasmi ameshawasha gari. Muda si rafiki. Ofisi yangu inasikitika sana, tena sana, kwamba kipengele cha kumi na tisa huenda kikasogezwa mbele, pengine hadi mwakani, lakini mgeni rasmi ana sura za watoto, ana takwimu, ana ushuhuda wa nahodha, na ana kalamu. Fomu iko palepale chini ya chupa. Mimi nifunge kwa kuwashukuru wadau wote waliofanikisha msimu huu, kwa ujumla wao, na kwa umoja wao, bila kumtaja mmoja mmoja, kwani tukianza kutajana hapa...

(Mama Kashindye asimama.)

(Mama Kashindye: Kwa ujumla wetu? Mheshimiwa, samahani. Mimi nimeacha shughuli zangu tangu Jumatano. Nimekuletea watoto, nimewaogesha, nimewavalisha. Leo mbele ya watu naitwa wadau kwa ujumla? Hapana. Queen, Rebeka, na ninyi wote, inukeni. Twendeni nyumbani.)

(Timu nzima ya chini ya miaka kumi na mitatu yasimama.)

Mama Kashindye! Mama yangu, subiri! Watoto kaeni. Kaeni jamani, mgeni anaangalia.

(Mzee Machibya: Na mimi? Siku ya kuomba ulikuja kwangu umevua viatu. Siku ya kushukuru umevivaa. Wangu nao wasimame.)

(Timu ya chini ya miaka kumi nayo yasimama.)

Pius, nipe ile karatasi nyingine. Siyo hiyo. Ile ya nyuma.

Ndugu wananchi, mnanijua. Nimezaliwa huku. Mtu akikuazima kitu, siku ya shughuli unasimama mbele ya watu, unamtaja jina, unasema na alichokuazima, hapo umerudisha nusu ya deni. Ukimnyamazia, umemwibia, na hutaazimwa tena mpaka unakufa. Nilidhani leo ningepita pembeni ya jambo hilo mara moja tu. Nimeshindwa. Hawa watoto wakiondoka sasa hivi mgeni rasmi ataona kwa macho. Wakibaki, atasikia kwa masikio. Basi na asikie, maana kivuko chenyewe hakingoji na labda ataondoka kabla sijafika mbali.

(Mgeni rasmi amwashiria dereva azime gari. Mgeni rasmi: Endelea, Kaimu. Kivuko kipo kingine.)

Naendelea.

Namshukuru Mama Kashindye, mlezi wa kwaya, aliyetuazima timu ya chini ya miaka kumi na mitatu, yote, watoto kumi na watano, tangu Jumatano mchana. Ni waimbaji wazuri sana. Wako hapa kwa kipaji chao cha kusimama kwa mistari.

(Makofi. Mama Kashindye apunga mkono pande zote nne, akaa. Timu yake yakaa.)

Namshukuru Mzee Machibya kwa kutuazima timu ya chini ya miaka kumi, ambayo ni kikundi chake cha ngoma ya majembe, na majembe yenyewe yapo nyuma ya choo cha walimu, yatarudi leo. Namshukuru pia kwa kutuazima matokeo ya msimu. Ni ya msimu wake wa ngoma. Nyoka wa Usagara alikuwa nyoka kweli, wa kuchezea ngoma.

(Vigelegele. Mzee Machibya avua kofia.)

(Bwana Chandrakant: Kaimu, mimi sina haraka, lakini Jumapili vijana wana mechi.)

Namshukuru Bwana Chandrakant, na mjukuu wake Sahil, kwa kutuazima hizi nguo nyeupe za timu yao ya kriketi. Ndiyo maana suruali zimekunjwa. Zitafuliwa, mzee. Madoa ya majani, sina uhakika.

(Bwana Chandrakant: Zikija na madoa sawa tu. Lakini zije.)

Namshukuru Mwalimu Mkuu kwa kutuazima uwanja na kutokuuliza. Naishukuru kamati ya chakula kwa kuchoma kuni nyingi, ambazo majivu yake ndiyo mistari mnayoiona uwanjani. Namshukuru Mama Gladness kwa mapapai.

(Mgeni rasmi, kwa sauti: Mapapai ya nini?)

Mapapai mabichi, mgeni rasmi. Yana umbo lilelile. Siku tatu hizi watoto wamefanyia mazoezi. Yamepasuka kumi na moja. Lile ambalo Queen alimkwepa nalo Rebeka mara tatu lilikuwa la kumi na mbili, na liko salama, Mama Gladness amelichukua akapike.

(Kicheko. Mama Gladness: Limeshaiva kwa kubanwa!)

Na mwisho wa orodha, Pius ameandika hapa, nami nasoma kwa sababu huwa nasoma kila ninacholetewa: "Tunajishukuru sisi wenyewe kwa kuandika ripoti nne za robo mwaka za mradi ambao haujawahi kuanza." Pius, hilo lingeweza kukaa bila kuandikwa.

(Katibu aomba radhi. Aliagizwa aandike kila kitu.)

Basi ndiyo hivyo. Kulikuwa na framework, kulikuwa na semina Usagara na wali wake, lakini kila tulipofika kwenye kuanza, nilisema tuandike kwanza ripoti ya maandalizi ya kuanza. Mwaka ukaisha. Halafu ikaja barua kwamba mgeni rasmi anakuja kufunga msimu, na mimi nikaona haya kusema hakuna cha kufunga. Nimeona aibu leo, ndugu zangu. Nasema wazi, masikio yangu yanawaka. Na papo hapo nimepata nafuu ya ajabu, kama mtu aliyevua viatu vya kubana baada ya harusi. Mgeni rasmi, fomu yako hiyo. Mimi masijala napajua, hata taa yake najua inawashwa wapi.

(Mgeni rasmi achukua fomu ya kijani. Aandika kwa muda mrefu. Ampa katibu. Katibu ampelekea msemaji.)

Nimeletewa fomu. Nasoma kama ilivyo. "Sisaini. Hakuna msimu uliokamilika hapa. Hata hivyo nimekagua miradi tisa mwaka huu, na hii ni mara ya kwanza kukutana na mtoto anayeutaka mradi. Ofisi isifungwe Jumatatu. Nitarudi baada ya miezi mitatu bila kutoa taarifa. Nikikuta wanacheza, wao kwa wao, uwanja mmoja, ushindi unahesabiwa pointi kwa pointi na siyo vichwa, nitasaini. Nisipokuta, masijala. Evelina."

(Makofi, vigelegele. Mzee Machibya: Pointi kwa pointi? Haya, tutajaribu.)

Mgeni rasmi, sina maneno, na Pius ni shahidi kwamba hilo halijawahi kunitokea. Kwa niaba ya ofisi yangu, na kwa niaba ya... Ndiyo, Queen? Shusha mkono, nimekuona. Sema.

(Queen: Mheshimiwa, kwani msimu unaanza lini?)

Mwanangu, suala hilo litapelekwa kwenye kamati ndogo, itakayoandaa hadidu za rejea, na kamati hiyo...

(Wananchi: Aaaah!)

(Mama Kashindye: Kwaya ni Jumanne na Alhamisi. Jumatatu wako huru.)

(Mzee Machibya: Wangu pia.)

Jumatatu! Basi Jumatatu, saa kumi jioni, hapahapa, kwaya dhidi ya majembe. Hakuna kamati. Nitakuja mwenyewe, bila hotuba.

(Makofi yasiyokoma. Watoto waruka. Suruali moja yachanika. Bwana Chandrakant afumba macho.)

Raga!

(Wananchi: Juu!)

Nyuma tunarusha!

(Watoto: Mbele tunakwenda!)

MURAVIKAZI!

(Sauti moja: Ianze kwanza!)

Itaanza, ndugu yangu. Nawashukuru kwa kuja, nawashukuru kwa kunizomea kwa kiasi, nawashukuru ninyi mlioazima na ninyi mlioazimwa. Chakula kipo tayari, watoto watangulie. Ila kabla hatujatawanyika, na kwa kuwa kuanzia Jumatatu mapapai hayatatosha, naomba kuuliza, na anayejua asione haya, aniambie hata pembeni: yupo mtu yeyote hapa, au mwenye ndugu popote, mwenye mpira wa raga?